Plastiki imetoka dhaifu, ina ukungu au inanywea: kutafuta kosa baada ya dai ya ekstruda

Tepe za PP (polipropilini) zinakatika ndani ya oveni. Shiti iliyopaswa kuwa angavu imetoka na ukungu. Fimbo nene ina tundu katikati, na bomba lililopimwa jana likawa sawa leo limepungua kipenyo. Dalili kama hizi zikijitokeza, mkono wa kwanza wa mwendeshaji huenda kwenye hita za silinda: nyuzi tano juu, nyuzi tano chini. Mara nyingi kosa haliko huko. Kazi ya silinda na skrubu za ekstruda (mtambo unaotoa plastiki mfululizo) ni kuyeyusha, kuchanganya na kusukuma. Nguvu ya bidhaa hutengenezwa baadaye, kati ya mdomo wa dai (tundu la chuma linaloipa plastiki umbo) na rola ya mwisho, plastiki inapopoa, inapovutwa na inapotulizwa. Mwongozo huu unazifuata dalili kutoka upande huo wa mtambo, na unarudi kwenye silinda pale tu ushahidi unapoturudisha.

Kinachotokea plastiki inapoganda

Molekuli ya plastiki ni mnyororo mrefu. Ndani ya myeyuko minyororo imesokotana bila mpangilio. Myeyuko ukipoa, vipande vya minyororo hujikunja na kujipanga, vikawa vibamba vyembamba viitwavyo lamela, unene wake karibu nanomita 10. Lamela huchipuka kutoka kwenye kiini kimoja kwenda pande zote hadi zinaunda umbo la mviringo liitwalo sferuliti. Katika PP iliyopozwa polepole, sferuliti huonekana wazi kwa hadubini ya mwanga wa polaraizi.

Si kila kipande cha mnyororo hupata nafasi ya kujipanga. Katika HDPE (polithini ya msongamano mkubwa) fuwele hufikia asilimia 60 hadi 80, katika PP asilimia 40 hadi 60 hivi, na sehemu inayobaki haina mpangilio. Mnyororo mmoja unaweza kuanzia kwenye lamela moja, ukavuka sehemu hiyo iliyovurugika na kuingia kwenye lamela nyingine. Minyororo hii ya kiungo ndiyo inayozuia bidhaa isipasuke, ilhali fuwele zenyewe huleta ukakamavu na ustahimilivu wa joto. Fuwele zikiwa nene na nyingi huku viungo vikiwa vichache, bidhaa huwa ngumu lakini huvunjika kirahisi.

Kasi ya kuganda ina kilele. Karibu na kiwango cha kuyeyukia, fuwele hazipati viini vya kuanzia. Chini ya halijoto ya mpito wa kioo (ambapo sehemu isiyo na mpangilio hukakamaa kama kioo), minyororo haina mwendo wa kutosha kujipanga. Katikati ya mipaka hiyo ndipo kazi inapofanyika. Namba za kukumbuka ni hizi:

- HDPE huyeyuka kati ya 126 na 135 °C, na ikipoa huganda karibu na 115 hadi 120 °C.
- PP homopolima (isiyochanganywa na plastiki nyingine) huyeyuka kati ya 160 na 165 °C, na huganda karibu na 110 hadi 120 °C. Ikiwekewa vianzisha fuwele huganda mapema zaidi, hata kwenye 130 °C.
- PET (plastiki ya chupa za maji) huyeyuka karibu na 255 °C, mpito wake wa kioo uko kati ya 70 na 80 °C, na hujenga fuwele kwa kasi zaidi ikiwa kati ya 170 na 190 °C.

HDPE hujenga fuwele haraka kiasi kwamba hakuna maji ya kiwandani yanayoweza kuizuia. PP inaweza kuzuiwa nusu: ikizamishwa ghafla kwenye maji baridi hubaki katika hali ya kati, yenye mpangilio hafifu, na hali hiyo hugeuka fuwele kamili ikipashwa tena zaidi ya 70 au 80 °C. PET ni ya polepole, kwa hiyo inaweza kugandishwa ikiwa angavu, bila fuwele kabisa. Tofauti hizi tatu zinaeleza sehemu kubwa ya yanayofuata. PS (polistirini) na PC (polikaboneti) hazijengi fuwele katika uzalishaji wa kawaida, kwa hiyo dalili zao hazimo hapa.

Kuna pia kuvuta. Plastiki ikivutwa ikiwa imeshaganda lakini ina moto wa kutosha, lamela hufunguka na minyororo hulala kuelekea upande wa mvuto. Nguvu ya upande huo huongezeka mara kadhaa, na nguvu ya upande wa pili hupungua. Mvuto unaofanyika kati ya dai na maji, plastiki ikiwa bado myeyuko, hauna faida hiyo, kwa sababu minyororo inapata muda wa kulegea tena kabla haijaganda. Anayejaribu kupata nguvu kwa kuongeza mvuto wa myeyuko anapunguza unene tu. Akizidisha, karibu na uwiano wa 20 (kasi ya kuvuta ikiwa mara 20 ya kasi ya kutoka kwenye dai), unene na upana huanza kuyumba kwa mawimbi yanayojirudia.

Kabla ya kugusa kitasa chochote

Pima halijoto ya myeyuko wenyewe kwa kipima joto cha sindano au cha ndani ya adapta. Paneli huonyesha joto la chuma cha silinda, na tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 kati ya chuma na myeyuko si jambo la ajabu, kwa sababu skrubu yenyewe huzalisha joto kwa msuguano. Pima maji yanapoingia na yanapotoka, na upime kushoto, katikati na kulia kwa tangi. Pima kasi ya kila kundi la rola kwa takometa (kipima kasi ya mzunguko), usiamini namba ya skrini iliyowekwa miaka iliyopita. Andika namba ya gunia la punje, aina ya mastabachi (punje zilizojazwa rangi au viongezo) na asilimia yake.

Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, usubiri angalau dakika 15 hadi 20 kabla ya kuchukua sampuli. Oveni na tangi la maji huchelewa kutulia, na sampuli iliyochukuliwa mapema itakudanganya.

Tepe zinakatika ndani ya oveni

Hapa tunazungumzia tepe za PP za kufumia mifuko, kamba na turubai: filamu hutoka kwenye dai, hupozwa majini, hukatwa tepe kwa wembe, kisha tepe hupashwa kwenye oveni zikivutwa na rola. Ni tatizo lenye vyanzo vingi kuliko mengine yote, na njia ya haraka ni kuisoma ncha iliyokatika kabla ya kubadilisha joto. Kusanya ncha kumi hivi, uziweke juu ya karatasi nyeusi, uziangalie kwa lenzi.

Ncha iliyochanika nyuzi ndefu nyembamba ina maana utepe ulivutwa kupita uwezo wake. Minyororo ilikwisha kulala sawasawa, haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Punguza uwiano wa kuvuta (kasi ya rola za baada ya oveni ikigawanywa kwa ya rola za kabla yake) kwa 0.3 hivi, au tafuta kilichoufanya utepe usivutike: maji ya moto mno, oveni baridi mno, au punje zenye kiwango cha mtiririko (wepesi wa kutiririka zikiyeyuka) kidogo kuliko zilizozoeleka.

Ncha iliyojikunja na kuvimba kama kidonge ina maana utepe uliyeyuka. Hewa ya oveni kwa PP huwekwa kati ya 150 na 170 °C, na utepe haufikii joto hilo kwa sababu unapita upesi. Ukipunguza kasi ya mtambo bila kushusha joto la oveni, utepe unapata muda wa kulifikia. Ndiyo maana ncha za aina hii hutokea sana wakati wa kuwasha mtambo na wakati wa kubadilisha bobini.

Ncha iliyokatika mraba ikiwa na doa, kipovu au kipande kigumu inaelekeza kwenye uchafu. Doa la rangi ya kahawia ni plastiki iliyoungua na kukaa muda mrefu kwenye kona ya adapta au dai. Kipovu ni unyevu, na mara nyingi unyevu huo umeletwa na mastabachi ya kalisiamu kaboneti iliyoachwa wazi. Kipande cheupe kigumu ni hiyo kalisiamu kaboneti (chokaa) ambayo haikuchanganyika. Angalia chujio: shinikizo likipanda taratibu, chujio linajaa. Likishuka ghafla bila wewe kugusa chochote, chujio limetoboka na kila kitu kinapita.

Mkato ulioanzia ukingoni ni wa wembe. Wembe butu haukati filamu bali unaipasua, na kila kijipasuko cha ukingo kinakuwa mwanzo wa kukatika utepe unapovutwa mara sita. Kosa hili hupuuzwa sana kwa kuwa wembe ni kitu cha bei ndogo. Badilisha wembe zote kwa ratiba moja, si ule mmoja unaosumbua.

Baada ya ncha, angalia mahali. Tepe za upande mmoja tu zikikatika, ama hewa ya oveni haisambai, ama dai imefunguka zaidi upande mmoja, ama umbali kati ya dai na maji haulingani. Tepe za hapa na pale bila mpangilio ni uchafu. Zote zikikatika kwa pamoja, tafuta mruko wa kasi au wa shinikizo: skrubu imekosa chakula kwa muda, kwa kawaida kwa sababu mabaki yaliyosagwa ni mepesi na yanashikana kwenye faneli, au kwa sababu sehemu ya kuingizia punje imepata moto na punje zimeanza kulainika hapo.

Sasa maji. Kwa filamu ya kukatia tepe za PP, maji ya 25 hadi 40 °C na nafasi ya milimita 20 hadi 40 kati ya mdomo wa dai na uso wa maji hufanya kazi vizuri. Maji yakipanda juu ya hapo, au nafasi ikiwa ndefu, filamu inapoa polepole, sferuliti zinakua kubwa na filamu inaonekana nyeupe-maziwa. Filamu ya namna hiyo hupinga kuvutwa: inajivuta sehemu moja na kuacha nyingine, halafu inakatika. Filamu iliyopozwa ghafla ni angavu zaidi na huvutika laini kwa sababu fuwele zake ni ndogo na hazijakamilika. Kwa hiyo pampu ya maji ikidhoofika mchana na tepe zikaanza kukatika jioni, oveni haina kosa.

Maji yana hila nyingine. Mtambo ukienda kasi, filamu hubeba matone hadi kwenye wembe na kwenye oveni. Tone linapoikalia filamu, sehemu hiyo inabaki baridi wakati pande zake zimepata moto, na mvuto wote unahamia pembeni. Dalili yake ni tepe zenye vipande vyembamba vinavyong'aa kufuatana na vipande vinene. Ongeza rola za kukamulia, vifuta vya mpira au vifyonza hewa kabla ya wembe, na hakikisha uso wa maji hautikisiki mahali filamu inapoingia.

Utepe unapita oveni salama, lakini kipimo cha nguvu ni kidogo

Usitazame nguvu peke yake. Tazama pia urefu unaoongezeka kabla ya kukatika, kwa maana namba hiyo ndiyo inayotenganisha vyanzo. Utepe wa PP wa kufumia unaofanya kazi vizuri huwa na nguvu ya gramu 4.5 hadi 6 kwa denia (denia ni uzito wa gramu wa mita 9,000 za utepe) na hurefuka asilimia 20 hadi 25 hivi.

Nguvu ndogo na kurefuka kwingi, tuseme asilimia 35 au zaidi: haujavutwa vya kutosha. Kokotoa uwiano halisi. Rola za kwanza zikienda mita 40 kwa dakika na za pili mita 240, uwiano ni 6. Tepe za PP kwa kawaida huendeshwa kati ya 5 na 7. Hakikisha pia utepe hautelezi juu ya rola, kwani rola za pili zikiteleza uwiano wa skrini hauna maana yoyote. Utepe unaoteleza huacha vumbi jeupe kwenye rola.

Nguvu ndogo na kurefuka kidogo, chini ya asilimia 15: nyenzo yenyewe imeharibika au ina vitu vingi visivyobeba mzigo. Hapa ndipo tunaporudi kwenye silinda. Pima kiwango cha mtiririko cha punje na cha utepe kwa 230 °C na uzito wa kilo 2.16. Minyororo ya PP ikikatika kwa joto, mtiririko wake hupanda. Punje zenye mtiririko wa 3 (gramu kwa dakika 10) zikitoa utepe wenye 3.5 si neno, lakini utepe wenye 5 umepikwa. Shusha joto la myeyuko liwe kati ya 230 na 260 °C, punguza mabaki yaliyosagwa, na usiache mtambo ukiwa umesimama na moto. PE (polithini) hufanya kinyume: ikiharibika minyororo yake huelekea kuungana, mtiririko unashuka na vidonge visivyoyeyuka vinatokea. Msomaji anayetoka kwenye PP kwenda PE hukosea hapa mara kwa mara.

Utepe mweupe unaometa kama lulu ingawa hauna rangi ndani yake umevutwa ukiwa baridi mno. Ndani yake mna vitundu vidogo sana vilivyofunguka kati ya fuwele. Pandisha oveni nyuzi 5 kwa hatua hadi mng'ao upungue.

Hesabu moja ya kukagua mtambo mzima: upana na unene wa utepe hupungua kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa kuvuta. Kwa uwiano wa 6, gawanya kwa 2.45. Filamu iliyokatwa upana wa milimita 6.1 na unene wa milimita 0.1 inatoa utepe wa milimita 2.5 kwa 0.04. Kwa msongamano wa 0.91, kilomita moja ya utepe huo ina gramu 91, sawa na denia 820 hivi, na kwa nguvu ya gramu 5 kwa denia inapaswa kubeba kilo 4.1. Ukipata upana tofauti sana na hesabu, kasi au unene wa filamu umepimwa vibaya mahali fulani.

Utepe una nguvu, lakini unachanika kwa urefu

Huu ni upande wa pili wa mvuto mzuri: minyororo imelala upande mmoja na hakuna kinachoshikilia upana. Punguza uwiano kidogo, au ongeza kalisiamu kaboneti. Asilimia 3 hadi 6 kwa kawaida hutosha kuzuia mchaniko na kuupa utepe uso mkavu usioteleza. Anayeongeza chokaa ili kupunguza gharama tu atalipa kwa nguvu, na wembe wake watakwisha mapema.

Bobini inabana, kitambaa kinanywea

Utepe uliovutwa unataka kurudi. Fuwele zimeufunga, lakini zile ndogo zisizokamilika hulegea zikipata joto la ghala au la jua, na utepe unafupika. Kwenye bobini unabana hadi bomba la kukunjia linagoma kutoka au linabonyea.

Dawa ni kutuliza: baada ya kuvuta, utepe upite kwenye rola za moto au oveni ya pili, kati ya 110 na 130 °C kwa PP, huku rola zinazofuata zikienda polepole kwa asilimia 4 hadi 6. Kwa mfano wa mita 240, rola za kutuliza ziende mita 228. Katika hatua hii fuwele hukamilika na kuwa nene zaidi wakati minyororo iliyobaki inapata nafasi ya kulegea. Wengine huweka joto bila kupunguza kasi. Hivyo wanakamilisha fuwele lakini wanaubakiza mkazo wote ndani.

Kupima ni rahisi. Weka alama mbili umbali wa milimita 200 kwenye utepe, uuache huru kwenye oveni ya maabara kwa 130 °C dakika 10, upoe, upime tena. Linganisha tepe za siku ileile kutoka kila upande wa mtambo. Tofauti kati ya upande na upande ina maana rola za moto hazina joto sawa, au baadhi ya tepe hazizigusi vizuri.

Shiti au filamu ina ukungu

Mwanga hutawanywa na sferuliti zilizokaribia au kupita urefu wa wimbi lake, kwa hiyo PP angavu ni PP yenye sferuliti ndogo na nyingi. Kuna njia mbili: kupoza haraka, au kuweka viini vingi ili kila sferuliti iishiwe nafasi mapema. Kwa filamu ya PP inayomiminwa juu ya rola baridi, rola huwekwa 15 hadi 30 °C. Ikiwa ukungu uko kama mistari au mabaka, filamu haigusi rola kote kwa sababu hewa imenaswa chini yake, na kinachohitaji kurekebishwa ni kisu cha hewa (mkondo mwembamba wa hewa unaoikandamiza filamu kwenye rola). Ukungu upande mmoja wa shiti ni rola moja yenye moto kuliko mwenzake, au mfereji wa maji ndani yake umeziba kwa chumvi.

Vianzisha fuwele vya kundi la sorbitoli huwekwa kwa kiasi kidogo, asilimia 0.2 hivi. Ni lazima viyeyuke kabisa ndani ya myeyuko ili vifanye kazi. Silinda ikiwa baridi, vinabaki kama nukta nyeupe na ukungu unaongezeka.

Kwa PET mambo yamegeuka. Shiti ya PET ni angavu kwa sababu haikupata fuwele, hivyo ukungu wowote ni fuwele zilizopata nafasi. Kata shiti utazame ukingo wake. Ukungu wa katikati tu: shiti ni nene na kiini kimekaa muda mrefu kati ya 120 na 200 °C, punguza kasi au ongeza upozaji pande zote mbili. Ukungu wa uso tu: rola ina moto mno. Ukungu wa shiti nzima, pamoja na wepesi wa kuvunjika: unyevu. Maji hukata minyororo ya PET ndani ya silinda, na minyororo mifupi hujipanga haraka kuliko mirefu, kwa hiyo unapata udhaifu na ukungu kwa pamoja. Kausha kwa hewa kavu sana, yenye kiwango cha umande cha −40 °C, joto la 160 hadi 175 °C, saa 4 hadi 6, hadi unyevu ushuke chini ya sehemu 50 kwa milioni. Pima hewa inapoingia kwenye faneli la kukaushia, si kwenye kijitanuri kinachoipasha tu.

Mabaki ya PET angavu yakigandamana kwenye faneli, hayakujengewa fuwele kwanza. Yakipita 75 °C yanakuwa ya kunata. Lazima yakorogwe mfululizo yakipashwa hadi 120 hadi 160 °C, mpaka vipande vyote viwe vyeupe. Vikibaki vichache vyenye uangavu, huenda ni PETG (aina ya PET iliyobadilishwa) iliyochanganyika, ambayo haijengi fuwele hata ikipikwa kutwa na itaendelea kunata. Itoe.

Tundu ndani ya fimbo au profaili nene

PE na PP zikitoka kwenye myeyuko hadi hali ya baridi hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya ujazo wao, na fuwele zinachangia sehemu kubwa. Ganda la nje likishakuwa gumu, kiini kinaponywea hakina pa kuvuta, kinafunguka.

Kwanza tofautisha tundu la kunywea na povu la gesi. Pasha kipande taratibu hadi kilainike: tundu la kunywea linabonyea na kufumba, povu la gesi linavimba. Povu la gesi pia huonekana mapema, myeyuko ukitoka tu kwenye dai.

Kwa tundu la kunywea, shusha joto la myeyuko, punguza kasi, na fanya maji ya tangi la kwanza yawe ya uvuguvugu ili ganda lichelewe kukaza. Kumbuka muda wa kupoa unafuata mraba wa unene: fimbo ya milimita 40 inahitaji mara nne ya muda wa fimbo ya 20, si mara mbili. Fimbo nene sana hutengenezwa kwa kuzuia mwendo wake kwa breki upande wa mbele, ili shinikizo la myeyuko liendelee kujaza kiini hadi kigande.

Vipimo vinabadilika baada ya siku

Fuwele haziachi kujengeka plastiki inapotoka kwenye tangi. Zinaendelea polepole kwa siku na wiki, kwa sababu mpito wa kioo wa PE na PP uko chini ya halijoto ya kawaida ya chumba na minyororo bado ina mwendo. Pima kipimo cha mwisho baada ya saa 24, na uweke rekodi ya tofauti kati ya mtambo ukiwa unakwenda na kesho yake. Tofauti hiyo ikishajulikana, mrija wa kukadiria (unaolipa bomba kipenyo chake linapopoa) unawekwa mkubwa kwa kiasi hicho. Polibuteni-1, plastiki nyingine ya mabomba, ni mfano mkali zaidi: hubadilisha aina ya fuwele zake kwa siku 7 hivi na haipaswi kujaribiwa nguvu kabla ya hapo.

Vipimo vikibadilika siku uliyobadilisha rangi, laumu rangi. Bluu na kijani za ftalosianini ni vianzisha fuwele vikali ingawa hakuna aliyezinunua kwa kazi hiyo. HDPE yenye rangi hizi hunywea tofauti na nyeupe na hupinda. Baadhi ya nyekundu za kwinakridoni huifanya PP ijenge fuwele za aina ya beta, zinazoyeyuka karibu na 150 °C.

Bomba la PE lina jambo lake. Maji hupoza nje tu, hivyo nje hukaza kwanza na ndani huendelea kunywea: nje inabaki imegandamizwa, ndani imevutwa. Kata pete ya bomba, uipasue mahali pamoja. Ikijifunga na ncha kupishana sana, mkazo ni mkubwa. Ongeza urefu wa tangi au punguza kasi badala ya kutafuta maji baridi zaidi, maana maji ya barafu huzidisha tofauti kati ya nje na ndani. Mkazo wa urefu hupimwa kwa kupasha kipande hadi 110 °C, na kwa mabomba ya PE kufupika kusizidi asilimia 3.

Kuthibitisha kwa vipimo

Msongamano unatosha kwa kazi nyingi za HDPE. Pima kipande hewani, kisha kikiwa kimezama kwenye ethanoli ya 20 °C, ambayo msongamano wake ni 0.789. Zidisha uzito wa hewani kwa 0.789, gawanya kwa tofauti ya vipimo viwili. Fuwele tupu za PE zina 1.000 na sehemu isiyo na mpangilio ina 0.855, kwa hiyo kipande chenye 0.950 kina fuwele asilimia 69 hivi kwa uzito. Njia hii haifai kwa bidhaa yenye chokaa, rangi nyingi au vitundu.

Ukiwa na kipimo cha DSC (kifaa kinachopima joto linaloingia kwenye sampuli ikipashwa), gawanya joto la kuyeyusha lililopimwa kwa joto la fuwele tupu: jouli 293 kwa gramu kwa PE, 207 kwa PP, 140 kwa PET. PP yenye jouli 95 ina asilimia 46. Kwa PET toa kwanza joto la fuwele zilizojengeka wakati sampuli ikipashwa, la sivyo shiti angavu itaonekana kuwa na fuwele nyingi. Pasha mara mbili, nyuzi 10 kwa dakika. Upashaji wa kwanza unaonyesha jinsi bidhaa ilivyopozwa na kuvutwa. Wa pili, baada ya historia hiyo kufutwa na myeyuko, unaonyesha nyenzo yenyewe. Bidhaa nzuri na mbaya zikitofautiana kwenye upashaji wa kwanza tu, kagua maji, oveni na rola. Zikitofautiana na kwenye wa pili, kagua punje, mabaki na mastabachi. Kata sampuli ya miligramu 5 hadi 10 inayopita unene wote wa bidhaa, kutoka ngozi ya nje hadi kiini, na ukitaka kujua tofauti ya ngozi na kiini, zikate kando uzipime kila moja peke yake.